Tuache kuhesabu likizo, tuangalie mlango wa kutokea

Watu wakianza kulinganisha sheria za kazi za nchi mbalimbali, mazungumzo hukimbilia likizo: nani ana siku nyingi. Mimi nimefanya kazi ofisi ya utumishi, nimeandika barua za kuachisha watu kazi, na swali langu la kwanza siku hizi ni hili: huko mtu anafukuzwaje?

Hizo siku za likizo zenyewe zinadanganya. Sheria ya Tanzania inasema 28, ya Kenya 21, na Mtanzania atajiona amemzidi jirani. Lakini zile 28 ni za mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Zile 21 ni siku za kazi tu. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, tofauti karibu inaisha.

Kwenye kufukuzwa ndiko nchi zinapoachana kweli. Marekani, ukiitoa Montana, mwajiri binafsi anaweza kukuambia leo kwamba kesho usije, bila sababu yoyote, mradi asiwe amevunja mkataba au sheria kama zile za ubaguzi. Ujerumani barua sharti iwe ya karatasi, yenye sahihi ya mkono; baruapepe ni kazi bure. Na kama kampuni ina baraza la wafanyakazi, lisiposikilizwa kwanza, kufukuzwa huko ni batili.

Kenya wana kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe. Huyo mwenzake ndiye ninayempenda kuliko vifungu vyote vya fidia. Meneja aliyekuja na maneno yake makali huanza kuyachuja akiona kuna mtu pembeni ameshika kalamu na daftari.

Halafu kuna muda wa kulalamika, ambao karibu hakuna anayeuuliza. Kenya ni miaka 3. Ujerumani, pamoja na sifa zake zote, ni wiki 3 tu. Tanzania una siku 30 kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila utoe sababu ya msingi, na “nilikuwa namsubiri bosi abadili mawazo” mara nyingi haipiti.