Siku Moja na Kamba ya Katani: Mkufunzi wa Fiziolojia, Tabora

Saa mbili asubuhi huwa nimekwisha kusimama mbele ya wanafunzi wa uuguzi, katika chuo kimoja hapa Tabora, nikifanya kazi ambayo majirani hudhani ni kusoma notisi kwa sauti. Kipindi cha kwanza, cha mapigo ya moyo, kilipita salama.

Saa nne ilikuwa zamu ya usafirishaji ndani ya seli ya neva, na umeme ulikuwa umekatika. Nikafunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi dirishani, iwe mikrotubuli, njia nyembamba ya protini ndani ya seli, nikaeleza kwamba aksoni, mkia mrefu wa seli ya neva, itokayo uti wa mgongo hadi mguuni hukaribia mita moja, na kwamba kinesini, protini iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva za ngisi, hubeba mzigo kwa hatua za nanomita 8, ikila molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kila hatua, huku daineini, protini nyingine ya kubeba, ikiurudisha mwingine kwenye kiwiliwili cha seli. Katika mji wa wapagazi, hayo hayakuhitaji maneno mengi.

Ndipo mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyetoka kazini, akanyosha mkono. "Mwalimu, nguvu ipo, njia ipo. Tuandike tuendelee." "Kaka, msafara bila mnyapara unafika wapi?" nikamjibu. Akarudia hoja yake ileile mara tatu, hata wenzake wakaguna. Nikamwita mbele, nikamwambia ajikunje, kichwa magotini, kwa kuwa kinesini isiyo na mzigo hujifunga kwa mkia wake isitembee bure. Akakaa hivyo, jasho likimtoka, mpaka mwenzake, akiwa protini inayounganisha kinesini na mzigo, alipompachika ndoo begani. Njiani wasichana wawili walishika kamba wakiwa tau, protini inayojishikiza kwenye mikrotubuli; hapo kinesini mara nyingi hubanduka, ilhali daineini mara nyingi hugeuka. Tena Miro, protini iliyo juu ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ikihisi kalsiamu imepanda, dalili kwamba hapo kazi ni nyingi, huusimamisha mzigo huo palepale.

"Kumbe unasimama penye njaa," akasema, bado ameshika ndoo.

Sijui tulimaliza saa ngapi. Wali na maharage ulikuwa umepoa, na miguu yangu ilikuwa imevimba. Jioni, nikisahihisha madaftari, alinifuata hadi ofisini: mnyapara naye husimamiwa na nani? Nikaweka kalamu chini, nikaanza kumweleza jinsi vimeng'enya vinavyoipachika tau fosfati vinavyoilegeza kwenye njia.