Wiki nzima na Martyn Bennett, na wenzake wa kaskazini

Tangu Jumatatu sijasikiliza kitu kingine ila muziki wa kaskazini: Uskoti, Ayalandi, Ufini, nchi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini kabisa ya Ulaya. Ilianza na albamu ya Martyn Bennett, mwanamuziki wa Uskoti, iitwayo Grit. Nilipoimaliza nikairudia palepale, kisha moja ikavuta nyingine hadi leo Jumamosi. Naandika kwa sababu nimejaa.

Kwanza niseme linalonikera. Ukitafuta muziki wa Kikelti, yaani wa jadi ya Uskoti na Ayalandi, kwenye simu utaletewa kinubi na mawimbi ya bahari, nyimbo za kulalia, za kusingwa mgongo. Wengi wanakutana na huo, wanasinzia, wanaondoka wakidhani wameshaujua. Nyimbo zilizoniteka mimi zilitungwa na watu waliokuwa na kazi mikononi, na ukitega sikio kazi hiyo bado inasikika.

Chukua nyimbo za kupigia kitambaa za visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Uskoti. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi huwa kimelegea na kina mafuta ya kondoo. Wanawake walikilowesha katika mkojo uliochachishwa, wakaketi kuzunguka meza ndefu, wakawa wanakibamiza na kukisukuma kwa pamoja mpaka kikaze na kunenepa. Aliyeendesha kazi ni wimbo. Mmoja anatoa ubeti, wengine wanaitikia kwa silabi tupu, nyingi hazina maana, na vishindo vya mikono mezani ndivyo ngoma. Aliyewahi kusikia akina mama wakitwanga kwa zamu kinu kimoja atajikuta nyumbani mara moja.

Mwaka 1992 kundi la Capercaillie lilichukua wimbo mmoja wa aina hiyo, Coisich, a Rùin, wenye umri wa takriban miaka 400, ukaingia katika nyimbo 40 bora za Uingereza. Hakuna wimbo wa Kigaeli cha Uskoti, lugha ya jadi ya huko, uliokuwa umewahi kufika huko. Mwimbaji wao, Karen Matheson, anauimba kwa sauti laini sana na vyombo vya kisasa viko chini yake, lakini kiitikio kikija, meza ile ipo.

Sasa nirudi kwa Bennett, maana ndiye aliyeninyima usingizi. Alizaliwa Newfoundland, Kanada, mwaka 1971, akakulia Uskoti na mama yake, Margaret Bennett, mtafiti wa ngano na nyimbo za jadi. Alipiga zumari la mfuko, fidla na piano, na usiku alikuwa mtu wa kumbi za dansi. Saratani ilipomshika akashindwa kupiga ala zake, na siku moja kwa hasira akazivunja. Kilichombakia ni kanda za zamani na mashine za studio. Grit, ya mwaka 2003, imejengwa juu ya sauti za watu wa kuhamahama wa Uskoti na waimbaji wa Kigaeli, nyingi zikiwa zilirekodiwa miongo kadhaa kabla yake, watafiti walipokuwa wakizunguka na mashine zao kwenye mahema na majiko ya watu.

Wimbo wa kwanza unaanza na Sheila Stewart, mmoja wa watu hao wa kuhamahama. Sauti kavu, haibembelezi mtu, ikiimba maneno ya mtunzi Ewan MacColl juu ya watu wanaofukuzwa kila wanapotua, hata mtoto anapozaliwa kando ya barabara. Halafu besi inaingia. Mwingine angemweka yule mama chini ya midundo, awe pambo. Bennett amefanya midundo imfuate yeye: akivuta pumzi muziki unangoja, akipanda unapanda naye. Nimesikiliza muziki mwingi wa kuchanganya jadi na mashine, wa kwetu na wa kwao, na ni nadra mno kukuta heshima ya namna hii.

Mbele kidogo kuna zaburi ya Kigaeli. Katika makanisa ya kisiwa cha Lewis kiongozi hutoa mstari, na waumini humfuata bila ala yoyote, kila mmoja na madoido yake, kila mmoja akifika kwa wakati wake, mpaka sauti zinakuwa wimbi moja zito. Bennett aliiweka humo akiwa mgonjwa sana. Alifariki Januari 2005 akiwa na miaka 33. Nalijua hilo kila ninapofika hapo, na siwezi kufanya kazi nyingine zaburi ile ikiwa inapita.

Alhamisi nilihamia Ufini, kwa kundi la Värttinä: Oi Dai ya 1991 na Seleniko ya mwaka uliofuata. Ni wasichana waliotoka Rääkkylä, kijiji cha Karelia, mashariki mwa Ufini, wanaimba kwa sauti kali zilizobanana, kwa kasi, kama wanaogombania neno. Wanaotaka muziki wa kulalia hapa hawana pao. Sehemu ya urithi wao ni bahari ile ya mashairi ya kale ambayo Elias Lönnrot aliikusanyia Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini, mwaka 1835, na bahari hiyo ina mizani nane kwa mstari. Nane! Nilisimamisha muziki nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mizani zilezile za utenzi, za Utendi wa Mwana Kupona na wenzake. Tofauti iko kwenye vina: utenzi unafunga mwisho wa mstari, wao hurudia sauti za mwanzo wa maneno, neno likiita neno. Sidai kuna undugu kati ya Lamu na Karelia. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na utenzi linapata pa kukaa huko, hata bila kujua neno moja la Kifini.

Mari Boine nilimsikiliza mara moja tu wiki hii, kwa sababu Gula Gula, ya 1989, hainiachi nipite haraka. Ni Msami kutoka kaskazini kabisa ya Norwei, karibu na Karasjok, na nyumbani kwao joik, uimbaji wa kale wa Wasami, ilihesabiwa kuwa dhambi. Huko nje serikali nayo ilikuwa imetumia vizazi kuwafanya Wasami wawe Wanorwei. Ngoma na koo lake vinasikika kama mtu anayedai chake, bila kuomba.

Ayalandi ningeweza kuiandikia siku nyingine nzima. Leo nitaje kundi la Planxty tu, albamu yao ya kwanza, ya 1973. Christy Moore anaimba juu ya bibi aliyemwacha bwana tajiri akafuatana na Wajipsi. Wimbo kabla haujapoa, ala zinageuka na kuingia kwenye lahani ya Ruairí Dall Ó Catháin, mpiga kinubi kipofu wa karne ya 17, na Liam O'Flynn anaingia na zumari lake linalopewa upepo kwa mvukuto wa kiwiko. Mgeuko ule ni wa sekunde chache. Nimeurudia mpaka aibu ikaniisha.

Na wapenzi wa nyatiti msipitwe na albamu ya kwanza ya Afro Celt Sound System, ya 1996. Marehemu Ayub Ogada wetu yumo, pamoja na kora ya Afrika Magharibi na mazumari ya Ayalandi.

Walioniuliza waanzie wapi: anzeni na Planxty, kisha Oi Dai. Isikilizeni kila albamu kwa mpangilio wake, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, maana wenyewe waliupanga kwa makusudi. Grit iwe ya tatu, na tafuteni spika yenye besi ya kweli.