Kaskazini Iko Wapi?

Usiku mmoja wa msimu wa kaskazi, umeme ulipokatika Mji wa Kale wa Mombasa, nilimwonyesha babu yangu mchoro wangu wa kwanza usio na sura ya mtu wala kitu. Niliuchora juu ya kipande cha amerikani kilichobaki katika tanga lake la zamani: miviringo ya dhahabu juu ya buluu iliyokolea hata ikakaribia weusi, na katikati mstari mweupe uliojizungusha kama kome.

Siku zile nilikuwa nimetekwa na Hilma af Klint, mwanamke wa Uswidi ambaye mwaka 1907, miaka minne kabla mchoraji Mrusi Kandinsky hajachapisha kitabu chake juu ya roho na sanaa, alichora picha kumi kubwa, kila moja ikizidi mita 3 kwenda juu, kuhusu rika za maisha ya binadamu, naye akiamini kwamba mkono wake uliongozwa na viumbe wasioonekana. Alifariki mwaka 1944, akiwa ameusia kazi hizo zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite. Usia ule ulinigusa kuliko hata rangi zake.

Babu, aliyekuwa nahodha, aliweka kandili sakafuni akautazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kaskazini iko wapi humu?"

Nilimjibu kwamba mchoro wa namna hii hauna juu wala chini.

"Basi hii ni mbingu ya aliyepotea, mwanangu."

Maneno yale yalinichoma. Nikamweleza kwamba af Klint alitoka katika ukoo wa maafisa wa jeshi la majini na wachoraji wa ramani za bahari. Aliposikia hayo aliinuka, akanishika mkono, tukapanda darini. Mji ulikuwa kiza kitupu na kundi la nyota la Kilimia lilikuwa juu yetu, lakini yeye alinyosha kidole chini kabisa, juu ya mapaa ya upande wa kaskazini, mahali pasipokuwa na kitu. Akasema hapo pana nyota ambayo Mombasa haionekani, kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta. Waendao Arabuni huiona ikiinuka majini wakiisha kuvuka, ingawa nahodha huielekea tangu ang'oapo nanga.

"Bibi huyo alijua iko wapi. Wewe je?"

Umeme haukurudi usiku ule. Kwa mwanga wa kandili nilichagua upande mmoja wa mchoro uwe ndio juu, nikaukwangua rangi kwa kisu, taratibu, mpaka amerikani ikaonekana.