Siku moja maishani mwangu: mchana banda la gemu Mtwara, usiku juu ya mapaa ya San Fierro

Saa kumi na mbili asubuhi

Saa hizi Mtwara bado kuna kaubaridi, na kompyuta yangu, mtumba wa ofisini, haipendi joto. Kwa hiyo kabla ya chai naiwasha. Sirekodi kitu asubuhi. Asubuhi natafuta mahali.

Gemu ninayofanyia stanti, yaani miruko ya pikipiki ninayoirekodi na kuitengenezea video, ni Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka 2004 kwenye PlayStation 2 na mwaka uliofuata ikaja kwenye kompyuta. Watu wananiuliza mbona nang'ang'ania gemu ya zamani. Jibu la kwanza ni mfuko: mashine yangu inaimudu. La pili ni pikipiki zake. NRG-500 ikigonga ukingo wa ngazi kwa pembe inayotakiwa, inarushwa juu kuliko mwendo wake unavyostahili. Tunaita bampu. Stanti zangu nyingi zinaanzia hapo.

Waliotengeneza gemu wameweka sehemu 70 rasmi za kuruka, zenye ngazi na matuta yaliyotegwa kabisa. Ni nzuri kwa kujifunzia, lakini video ya hizo sitaitazama, na sioni kwa nini nimlazimishe mwingine aitazame. Raha iko kwenye ile miruko ambayo hakuna aliyekupangia.

Naandika ROCKETMAN, neno la siri la gemu, napewa kile kimkoba cha kuruka nacho mgongoni, naanza kuzunguka juu ya mapaa ya San Fierro, mji wa ndani ya gemu wenye milima na mitaa inayoshuka kwa kasi. Kila paa naliuliza swali moja: mtu asiyeijua hii gemu, akikuona mara moja tu, ataelewa kwamba kufika hapo kwa pikipiki ni shughuli? Kuna maghorofa marefu mno ambayo hayasemi kitu. Ukitua juu yake, mtazamaji anaona zege na anga basi. Halafu kuna ghala fupi ng'ambo ya barabara pana, na kila mtu anaona kwa macho yake kwamba huyu hafiki.

Leo nimelipata ghala la namna hiyo. Mtaa unashuka, chini kuna ngazi za zege, mbele yake barabara, kisha paa lenye ukingo mwembamba. Napiga picha ya skrini, nazima, naenda kunywa chai.

Saa tatu

Nafungua banda la mjomba, Magomeni. Televisheni nne, feni moja, mabenchi, na daftari la dakika. Mjomba anapita kama kawaida kabla ya kwenda shughuli zake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Luku imebaki ngapi?"

Hakuna siku aliyoanza na swali jingine. Namsomea, anaguna, anaondoka. Nusu saa ya kucheza ni shilingi mia tano, na mwenye sare ya shule haingii kabla ya saa nane, hata akiniita dada mara mia.

Asubuhi wateja wangu ni bodaboda wa kijiwe cha pembeni wanaosubiri abiria. Wanacheza mpira zaidi, ila mmoja wao, kaka mwenye maneno machache, anapenda kuangalia klipu zangu kwenye simu. Nikamwonyesha ya juzi, naye akairudisha nyuma mwenyewe kwa kidole, akaisimamisha pale pikipiki inapogusa chini.

"Dada, hii umetua vibaya."

"Mbona hajaanguka?"

"Hajaanguka kwa sababu ni gemu. Angalia, tairi la mbele ndilo limetangulia. Mimi nikiona hivyo nasubiri aende na uso. Asipoenda, naona nimedanganywa."

Nikamwambia arudie, maana kwa sentensi hiyo kanieleza jambo nililokuwa nikiliona bila kulishika. Gemu yenyewe haijali. Ukiruka parefu inakuandikia kwenye skrini umbali, kimo, umepinduka mara ngapi na umezunguka nyuzi ngapi, na CJ, yule mhusika unayemwendesha, akibaki juu ya kiti imekubali. Sisi tunaotengeneza video tukaiga hesabu hiyo: hajaanguka, basi imehesabika. Lakini anayetazama amebeba pikipiki halisi kichwani, hasa huku kwetu ambako kila mtu amewahi kupanda bodaboda barabara mbovu. Tairi la nyuma likitangulia, au yote mawili yakigusa pamoja, mwili wake unakubali kabla hajafikiri. Tofauti ni kuegemea nyuma kidogo tu muda mfupi kabla ya kutua. Nimeona video za watu zenye namba kubwa ajabu ambazo zote zinatua kama mzigo uliodondoka kwenye lori, na nikimaliza kuzitazama sikumbuki hata moja.

Akaongeza, akiwa anavaa kofia yake: "Na hao watoto waambie ni ya kwenye televisheni hiyo." Nawaambia.

Saa sita

Bibi wa ming'oko, ile mizizi ya porini, kapita na beseni lake. Nimenunua ya kuchemsha, nimekula na chumvi na pilipili nikiwa mlangoni, kwa sababu ndani feni inasukuma joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Saa nane

Hii ndiyo saa ninayoitegemea kuliko zote. Watoto wanatoka shule, banda linajaa, na mimi nina watazamaji wasio na adabu hata chembe, ambao kwa kazi yangu ni mali.

Nachomeka flashi kwenye televisheni moja, nacheza klipu mara moja, bila sauti, bila maelezo. Kisha nauliza: ametokea wapi, ametua wapi? Sitaki waniambie ni kali. Kila kitu kwao ni kali. Nataka wanielezee safari.

Leo klipu ilikuwa ya paa la Los Santos, mji mwingine wa gemu, ambalo binafsi najivunia. Kimya. Halafu dogo mmoja wa darasa la tano hivi akasema:

"Kwani si alikuwa huko huko juu tangu mwanzo?"

Wenzake wakamcheka, lakini hakuna aliyeweza kumsahihisha. Nikaiangalia upya kwa macho yake. Klipu inaanza pikipiki ikiwa tayari hewani, maana nimekata mwendo wote wa mwanzo ili video iwe fupi na ya haraka. Inaonekana pikipiki, anga, paa. Barabara haipo. Mtu ambaye hajaona barabara hawezi kushangaa paa.

Watu wengi wanaoanza, wakiulizwa watafanyaje ili waboreke, wanasema wataruka mbali zaidi. Mimi nadhani mwaka mzima unaweza kwisha hivyo bila video zako kusogea. Kinachobeba mruko ni zile sekunde tatu au nne kabla yake. Mtazamaji aone lengo kabla wewe hujaliendea. Kamera ya gemu inakaa nyuma ya pikipiki, kwa hiyo ukija kwa kukata kona dakika ya mwisho, paa halionekani mpaka umeshalifikia. Ukirudi nyuma zaidi ukaja umenyooka, lenyewe linakaa katikati ya skrini na kukua. Hapo mtu anaanza kujiuliza "anaenda pale?" bila wewe kuandika neno lolote wala kuchora mshale mwekundu. Mishale myekundu, jamani, tuiache.

Ile ya Los Santos nimeitoa kwenye orodha. Siwezi kuiongezea mwanzo ambao sikuuhifadhi.

Saa tisa na nusu

Umeme umekatika. Banda zima likapiga ukelele, kila mtu akanijia na dakika zake zilizobaki, nikaziandika kwenye daftari. Wawili tu walijaribu kuongeza.

Giza la umeme ni saa yangu ya kuchora. Natoa ile picha ya asubuhi kwenye simu, nachora mtaa wa San Fierro nyuma ya daftari na kuweka alama. Gemu hii haina kipima mwendo kwenye skrini, kwa hiyo mwendo unaupima kwa umbali: ukianzia hapa hapa, kila mara utafika ngazini na kasi ile ile. Nimeandika hivi: anza taa ya pili. Egemea mbele, inaongeza kasi. Kwenye kivuli cha mti acha. Nyuma kidogo. Ngazi ya tatu, upande wa kulia.

Bila alama, mtu anabahatisha, na akifanikiwa hajui alifanya nini. Akiwa na alama, akikosa anajua abadilishe lipi. Nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama mahali pa kuanzia, ama pembe. Nikibadilisha viwili siwezi kujua kipi kimenisaidia.

Saa kumi na moja jioni

Binamu kapokea zamu, umeme ukiwa umerudi. Bajaji mpaka nyumbani, pweza wa kukaanga njiani, kuoga, kusaidia kupika.

Saa mbili usiku

Sasa narekodi. Hapa niseme jambo la kiufundi ambalo lingenipunguzia maumivu ya kichwa kama ningelisikia mapema kwa Kiswahili.

San Andreas ya kompyuta, ukiacha kizuizi chake cha fremu (zile picha moja moja zinazounda mwendo) kimewashwa, inakwenda fremu 25 kwa sekunde. Ukikizima picha inalainika, lakini tabia ya pikipiki na magari nayo inabadilika, kwa sababu fizikia ya gemu imefungwa kwenye fremu. Ndiyo maana nakiacha. Tatizo linakuja kwenye programu ya kurekodi. Natumia OBS, ya bure, na wengi wanaiacha kwenye 30 au 60. Kwenye 30, katika kila fremu sita moja ni marudio. Kwenye 60, fremu nyingine zinarudiwa mara mbili na nyingine mara tatu. Jicho halijui hesabu hiyo lakini linaona pikipiki inakwama-kwama, na mtu anaanza kulaumu kompyuta yake. Weka 50. Kila fremu inakaa mara mbili kamili, na mwendo unatulia.

Basi nikaanza. Taa ya pili, kivuli, ngazi. Pikipiki ikapita chini ya paa. Tena. Ikagonga ukuta. Mama akawa anapita na kikapu cha nguo, akasimama nyuma yangu.

"Hivi huyo kijana hafi?"

"Hafi mama, anarudi."

"Angekuwa mwanangu ningemficha ufunguo."

Kila nikikosa nabonyeza F1, gemu inanirudishia sekunde kama thelathini zilizopita, natazama tairi lilipogusa ngazi. Watu hawapendi hatua hii; wanakimbilia kujaribu tena wakiwa na hasira. Marudio yakanionyesha kwamba naegemea nyuma nikiwa nimechelewa, tairi la mbele linaigonga ngazi badala ya kuipanda. Nikasogeza alama kutoka kwenye kivuli cha mti hadi kwenye mstari wa lami ulio kabla yake. Kivuli si alama nzuri hata hivyo, kwa kuwa kinahama na saa za gemu.

Ilipokubali, pikipiki ilipanda ngazi, ikainuka, barabara yote ikapita chini, ikatua kwenye ukingo tairi la nyuma likitangulia. Nikabonyeza F2 papo hapo kuhifadhi, kisha nikatoka kwenye gemu kwenda kunakili lile faili na kulibadilisha jina, maana gemu inahifadhi marudio moja tu na ya pili inaifuta ya kwanza.

Kuna neno jingine la siri, SLOWITDOWN, linalopunguza mwendo wa gemu nzima. Ukiruka nalo unajipa muda wa kurekebisha ambao mwingine hana. Silitumii, na video ninayoijua imefanywa hivyo nikiitazama siioni tena kama stanti.

Saa nne

Kuediti. Muziki ni biti ya singeli kutoka kwa dogo wa Chikongola anayetengeneza mwenyewe. Ameniruhusu kwa maandishi, sharti nimtaje. Nyimbo za watu maarufu nimeachana nazo, YouTube inazitambua yenyewe na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo.

Singeli ni mtihani kwa anayekata kwa kufuata mdundo. Biti hii ina mapigo 200 kwa dakika, yaani pigo moja kila sehemu tatu za kumi za sekunde. Kwenye fremu 25 hiyo ni fremu saba na nusu, na nusu fremu haipo, kwa hiyo pigo moja linakaa sawa, linalofuata linateleza. Kwenye 50 ni fremu 15 kamili. Hata hivyo sikati kila pigo. Mruko wa ghala nimeuacha mzima, tangu taa ya pili mpaka tairi linasimama, na biti inakwenda yenyewe chini yake.

Video imebaki na dakika moja na sekunde hamsini. Jana ilikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Saa sita usiku

Bando la usiku limeanza. Picha ya mbele nimechagua ile fremu ambayo ngazi, pikipiki na paa vinaonekana vyote. Kwenye maelezo nimeandika: NRG-500, kizuizi cha fremu kimewashwa, mwendo haujapunguzwa, biti ya dogo wa Chikongola. Faili ni megabaiti 165, na kwa mtandao wa leo itachukua muda, kwa hiyo nimeiacha ipande na kumtumia binamu ujumbe kwamba kesho akifungua banda aichezeshe kwanza kwenye televisheni ya mlangoni, bila sauti, na amwulize yule wa darasa la tano.