Siku Moja Maishani Mwangu: Asubuhi Kwenye Nyenzo, Jioni Kwenye Reli ya Milimita 12

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, alfajiri. Kibanda cha ishara ninachofanyia kazi, huku mashambani Uingereza, bado kinaendeshwa kwa nyenzo za chuma, yaani mikono mirefu inayovuta waya na fito ili kuendesha ishara na njia za treni. Napokea zamu kwa kusoma daftari la treni, namuuliza mwenzangu kama kuna mafundi njiani, kisha natia saini. Tangu hapo kibanda ni changu hadi saa nane mchana.

Saa kumi na mbili na robo. Kengele inagonga mara moja. Kibanda cha nyuma kinaniita. Najibu kwa pigo moja. Yanafuata mapigo matatu, kimya kifupi, kisha pigo moja, maana yake ni kwamba treni ya kawaida ya abiria inaombewa njia. Kabla ya kukubali, ni lazima treni iliyotangulia iwe imepita nzima, taa yake ya mkiani nikiwa nimeiona kwa macho yangu, na njia iwe wazi hadi yadi 440, takribani mita 400, kupita ishara yangu ya kwanza ya kusimamisha. Hapo ndipo ninaporudia mapigo yale yale na kugeuza sindano ya kifaa kinachoonyesha hali ya njia kati ya vibanda vyetu viwili, ionyeshe kwamba njia ni wazi. Treni inapoingia kwenye kipande chetu nasikia mapigo mawili, nami naihamisha sindano kuonyesha kwamba treni iko njiani. Ikishanipita, napeleka mapigo mawili na moja, na sindano inarudi katikati.

Saa mbili hadi saa nne ndio wakati wa pilikapilika. Wenzo hushikwa kwa kitambaa, kwa sababu jasho la kiganja hutia kutu chuma kilichong'arishwa. Kila wenzo una rangi yake: nyeusi ni wa pointi za kubadilishia njia, buluu ni wa komeo la pointi hizo, nyekundu ni wa ishara ya kusimamisha, na njano ni wa ishara ya mbali inayompa dereva tahadhari mapema. Nyeusi hutangulia, buluu hufuata, kisha nyekundu. Njano huja mwisho, kwani hauvutiki mpaka nyekundu zote za njia hiyo ziwe zimevutwa. Chini ya sakafu vipande vya chuma vinazuiana, hivyo hata ningetaka kumruhusu dereva huku pointi zikielekea kwingine, wenzo ungegoma. John Saxby alipata hataza ya kuendesha pointi na ishara kwa pamoja mwaka 1856, lakini kampuni nyingi zilisitasita kwa sababu ya gharama, mpaka ilipotokea ajali ya Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889, ambapo mabehewa yaliyokatwa kutoka kwenye treni yao yaliserereka mteremkoni na watu takribani 80 wakafa. Mwaka huo huo Bunge liliufanya mfumo huu wa nyenzo kuzuiana kuwa sheria.

Saa nane nakabidhi zamu.

Saa tisa na nusu. Nimekwisha kula na niko mezani pangu. Ninachojenga ni mfano mdogo wa stesheni ya kubuni ya miaka ya 1960 kwenye reli ya Mombasa hadi Nairobi, kwa uwiano wa 1 kwa 87, ambapo geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya mita moja inakuwa milimita 11.5, hivyo reli za dukani za milimita 12 zinakaribia vya kutosha. Tatizo ni mataruma, kwa kuwa ya dukani huiga mbao, ilhali kwetu mataruma ya chuma yalitumika sana. Nayakata kwa plastiki nyembamba, maana chuma halisi kingeunganisha umeme wa reli mbili, kisha nayapaka wekundu wa vumbi la Tsavo, na katikati ya reli naongeza weusi wa mafuta yadondokayo. Kichwa cha treni ni Garratt ya mvuke ya daraja la 59, iliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Urefu wake unapita mita 31, hivyo mfano wake unafika sentimita 36 hivi, na njia ya kupishana ya mita 500 ingenidai karibu mita sita za chumba. Nimeamua kupunguza mabehewa.

Saa kumi na moja. Mzee mmoja wa Mombasa, dereva mstaafu, ananitumia ujumbe wa sauti baada ya kuona picha: "Mwanangu, na maji je? Gari lako la moshi litakunywa wapi?" Namjibu, "Shikamoo baba, tangi liko njiani." Kisha narudi kwenye ishara. Mkono wa mita 1.2 unakuwa milimita 14, na huendeshwa na mota ndogo ya sevo ambayo nimeiandikia programu ili mkono unapoanguka udunde kidogo, kama udundavyo wa kweli. Kioo cha ishara halisi ya kijani kina ubuluu ndani yake, kwa sababu mwali wa taa ya mafuta ni wa manjano. Ukiweka taa nyeupe nyuma yake utapata buluu, kwa hiyo mimi hutumia taa ya njano iliyofifia.

Saa moja usiku. Hapa ndipo ninapotofautiana na wajenzi wengi. Katika maonyesho nimeona vichwa vya bei kubwa, vyenye kila ribiti mahali pake, vikiondoka huku mkono wa ishara umelala kuamuru kusimama. Kwangu huo ni mchezo wa watoto uliopakwa rangi nzuri. Nimeandika jedwali la mazuio kwanza, ndipo nikaanza kukata mabapa ya shaba ya fremu ndogo ya nyenzo. Kila bapa lina pengo linalopokea ncha ya kipande cha pembeni, na pengo hilo hulichonga kwa tupa nyembamba kama sindano, nikijaribu baada ya kila mikwaruzo michache. Likizidi upana kidogo tu, wenzo utapita pasipostahili.

Saa tatu usiku. Navuta namba 6, ishara ya kuingilia, pointi zikiwa hazijawekwa, na unagoma inavyotakiwa. Naweka namba 4, nafunga komeo kwa namba 5, narudi kwenye 6, na mkono unainuka. Namba 4 bado inang'ang'ania wakati wa kurudishwa, hivyo bapa lake litarudi kwenye tupa kabla sijafunika sanduku.