Tanuri nambari tano

Duisburg, Ujerumani, nilifika na wanafunzi wenzangu wa mipango miji, na msimamo wangu nilikuwa nao tangu kwenye treni: kiwanda kikishakufa kibomolewe, ardhi ikatwe viwanja. Kuacha vyuma vishike kutu na kuviita bustani niliona ni anasa ya nchi tajiri.

Kiwanda chenyewe ni kile cha chuma cha Thyssen, mtaa wa Meiderich, kilichozimwa mwaka 1985. Badala ya kukifuta, msanifu mandhari Peter Latz alikigeuza bustani ya hekta 180 hivi, ikafunguliwa 1994.

Aliyetutembeza alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi hapohapo. Alitupandisha tanuri nambari tano, mnara wa kuyeyushia madini ya chuma, karibu mita 70 kwenda juu. Ngazi zake ni za wavu wa chuma. Ukiinamisha macho unaona moja kwa moja ulikotoka. Mzee alipanda huku anaongea. Mimi nilishika vyuma vya pembeni mpaka viganja vikawa vyekundu kwa kutu.

Juu kule ndipo nilipouelewa mpango, kwa sababu ukiwa chini huoni ila mabomba. Tangi la gesi limejazwa maji, wapiga mbizi wanazamia humo. Kuta nene za mabohari ya madini watu wanazipanda kwa kamba. Mkondo wa zamani wa mto Emscher, uliokuwa mfereji wazi wa majitaka, majitaka yake yamepelekwa kwenye bomba chini ya ardhi, na mfereji mpya juu yake unapokea maji ya mvua. Miti imeota yenyewe kati ya reli, na hakuna aliyeing'oa. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia zaidi: mpangaji aliyejua pa kutotia mkono.

Tuliposhuka tulisimama kwenye uwanja wa mabamba 49 ya chuma yaliyotolewa kwenye mashimo ya kumiminia chuma cha moto. Niliinama nikaligusa moja. Limelika, lina vishimo na michirizi, jinsi joto lilivyoliacha.

Mwenzetu mmoja akasema pale ni pazuri ajabu. Mzee akamtazama.

“Uzuri mmekuja nao ninyi, wanangu. Sisi tulikuja kutafuta mshahara.”

Nikapata nafasi yangu. Nikamuuliza ni wangapi kati ya wenzake waliopata kazi tena humu ndani.

“Wachache. Lakini wangebomoa, ungewapa kazi wangapi? Udongo una sumu, nani angenunua kiwanja?”

Nikamwambia sumu husafishwa. Akacheka, akauliza kwa pesa za nani. Tuliendelea kuvutana hivyo mpaka getini, mimi nikidai bustani haiwezi kuhesabiwa kuwa mpango wa ajira, yeye akisema hakuna aliyemwambia kwamba ni mpango wa ajira. Kundi la pili lilikuwa limeshafika, likimsubiri apande nalo tena.