Usiku wa kusaka DG

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, Dodoma, niliwahi kukesha nikitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Dokta, mhadhiri wetu, alikuwa ametuachia zoezi dogo tu. Chagua kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kimoja kinachounda fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa seli, kiwe kile kilichojichimbia ndani ya utando huo, chapisha mfuatano wa asidi amino zake, yaani vipande vinavyokijenga, kila kimoja kwa herufi yake, kisha zungushia alama ya ukoo wake wa vimeng'enya. Alama yenyewe alitukaririsha kama shairi: DG, herufi mbili zozote, AR, nane zozote, G, tatu zozote, D, tatu zozote, D. Mimi nikachukua kinachotengeneza fosfatidilserini, mojawapo ya fosfolipidi hizo, katika E. coli. Sababu? Nilimjua huyo bakteria kwa jina, basi.

Steshenari ya Ng'ong'ona wakanichapia herufi 451. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Mwenzangu wa chumbani, Mrangi wa Kondoa asiyeishiwa utani, akanimulikia tochi ya simu huku upepo ukipenyeza vumbi chini ya mlango. Nikatembeza rula mstari kwa mstari. D zilikuwapo za kutosha, ila kila nikihesabu nafasi, hesabu inagoma.

"Kaka, kapime macho," akasema, akalala.

Nikaanza upya mara nne. Hadi adhana ya alfajiri karatasi ilikuwa nyekundu, na sikujua wapi ni kalamu na wapi ni vumbi.

Asubuhi nilianza kujitetea hata sijaulizwa. Dokta akaitupia jicho ile karatasi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, umelia msiba usio wako."

Kumbe kimeng'enya cha E. coli ni cha ukoo mwingine kabisa, ukoo unaotambulika kwa H, K na D zake, na hata utando hakijauzamia, kimejishikiza tu. Kazi moja, asili mbili. Akafungua mtoto wa meza, akatoa mfuatano wa kimeng'enya cha hamira kinachofanya kazi hiyo hiyo. Dakika mbili hazikuisha, kidole changu kikawa juu ya DG.

"Na kwa nini hizo D hazibadiliki?" akauliza.

Nilikuwa nimekariri, sikuwa nimefikiri. Akanieleza: D hubeba chaji hasi, ndizo zinazoshika magnesiamu yenye chaji chanya. Ukiziondoa, kazi inalala.

Nilipata tatu kati ya kumi. Moja kati ya hizo, alisema, ni ya vumbi.